Betri Hufa kwa Njaa: Mada kwa Wakazi wa Kata kuhusu Kuchaji na Kutunza Betri za Boti, Magari na Sola



Mtu anayeondoka alfajiri ukingoni mwa Kreta ya Ngorongoro akiwa amejifunika shuka nzito, akapita Lango la Loduare, akavuka mji wa Karatu na kuteremka hadi Mang'ola, hufika kando ya Ziwa Eyasi akiwa amekwisha kuvua koti. Ameshuka zaidi ya mita 1,100, na hewa imebadilika kutoka ukungu wa mlimani hadi joto la bonde. Yeye huvua koti akapumzika chini ya mti. Betri iliyomo ndani ya gari lake, au ile iliyofungwa nyuma ya pikipiki ili ikawashe taa kijijini, haina koti la kuvua. Hutendewa Mang'ola vilevile kama ilivyotendewa Nainokanoka, na hapo ndipo baadhi ya matatizo yake yanapoanzia.

Mada hii inahusu betri za namna hiyo: betri za volti 12 zenye asidi, ambazo mkazi wa Karatu na Ngorongoro huzikuta kwenye gari, kwenye sola ya nyumbani, kwenye redio ya boma la mbali, na ambazo mvuvi huzikuta kwenye mtumbwi wenye mashine. Zote ni ndugu wa tumbo moja. Yafaa kuanzia kwenye boti, ingawa wilaya hizi hazina bandari, kwa sababu boti ndiyo mwalimu mkali kuliko wote. Mwenye gari lililozimika husukumwa na wapita njia. Aliyezimikiwa na taa na mashine katikati ya ziwa usiku hana wa kumsukuma. Hata nchi kavu jambo hili si dogo. Betri nzuri ya ampea-saa 100 hununuliwa kwa thamani ya mbuzi kadhaa, na kaya nyingi za bondeni huinunua baada ya kuuza vitunguu. Ikifa ndani ya mwaka mmoja badala ya minne au mitano, kaya imerudi kwenye kibatari, na mtoto amerudi kusomea moshi.

Wenye betri zilizokufa mapema husema aghalabu kwamba wameuziwa bidhaa bandia. Bidhaa bandia zipo, na anayezinunua bila risiti hana pa kulalamikia. Lakini fundi yeyote mwenye uzoefu aliyepasua macho kwenye betri zinazoletwa kwake atakiri kwamba nyingi hazikufa kwa ubandia wala kwa uzee. Zilikufa kwa njaa. Zilitolewa umeme kila usiku, zikarudishiwa pungufu kila mchana, hadi zikakauka nguvu kama ng'ombe anayekamuliwa pasipo kupelekwa malishoni.

Ili njaa hiyo ieleweke, ni vizuri kutazama ndani. Betri ya asidi ilibuniwa mwaka 1859 na Mfaransa Gaston Planté, na msingi wake haujabadilika tangu hapo. Ndani yake mna bamba za madini ya risasi, nusu yake zikiwa risasi tupu na nusu zikiwa zimepakwa oksidi ya risasi, zote zikiwa zimezama katika mchanganyiko wa asidi ya salfa na maji. Betri inapotumika, asidi huingia kwenye bamba na kuzifunika kwa chumvi nyeupe iitwayo salfeti ya risasi, na kioevu kinachobaki huzidi kuwa maji matupu. Betri inapochajiwa, mambo hurudi nyuma: chumvi huyeyuka, asidi hurejea ndani ya kioevu. Chumvi hiyo ikiwa changa ni laini na huondoka kwa urahisi. Ikiachwa siku na wiki hugandamana ikawa ngumu, na sehemu ya bamba iliyofunikwa nayo haifanyi kazi tena. Mafundi huita hali hiyo kufa kwa seli. Hakuna dawa ya uhakika ya kuifufua, wala unga unaouzwa kwa ajili hiyo hauwezi kuaminiwa.

Hali ya betri hupimwa kwa mita ya volti ambayo bei yake ni ndogo sana ikilinganishwa na betri yenyewe. Betri hupumzishwa kwanza, isichajiwe wala kutumiwa kwa saa chache, kisha ndipo hupimwa. Ikionesha volti 12.7 imejaa. Ikionesha 12.4 imebaki na kama robo tatu. Volti 12.2 ni nusu, na 12.0 ni robo tu. Chini ya hapo betri imekwisha, hata kama taa bado inawaka kwa unyonge. Tofauti kati ya kushiba na njaa, kama inavyoonekana, haifiki hata volti moja, ndiyo maana jicho linalotazama mwanga wa taa haliwezi kuiona hadi madhara yawe yamekwisha kutokea. Kwa betri ya kazi ya kila usiku, mwenye kuitunza hasubiri ifike chini ya nusu.

Sasa turejee kwenye mashine ya boti. Mashine ya kuning'inizwa nyuma ya chombo ilipata umaarufu duniani kuanzia mwaka 1909 kwa kazi ya Ole Evinrude huko Marekani, na leo ndiyo inayosukuma mitumbwi katika Ziwa Victoria, Tanganyika na mwambao wote wa bahari. Wengi hudhani kwamba kwa kuwa mashine inanguruma, basi betri inashiba. Sivyo. Mashine ndogo, zile zinazowashwa kwa kuvuta kamba, nyingi hazikuundwa ziwe mtambo wa kuchaji. Chini ya kifuniko chake mna gurudumu zito lenye sumaku. Gurudumu linapozunguka, sumaku hupita karibu na koili za waya wa shaba na kuzalisha umeme. Koili moja hulisha plagi. Nyingine, kama ipo, ni ya taa. Umeme wa koili hiyo hugeuka mwelekeo mamia ya mara kwa sekunde, na betri haiwezi kuupokea hivyo. Sharti upitie kifaa kiitwacho rektifaya, ambacho huufanya uende upande mmoja, na ni bora zaidi kama kifaa hicho kina kidhibiti cha kuzuia volti zisipande kupita kiasi. Mvuvi anayeunganisha betri moja kwa moja kwenye waya za koili hachaji chochote. Anaipasha moto betri na kuiunguza koili.

Hata rektifaya ikiwepo, kiasi kinachotoka ni kidogo. Mashine ndogo nyingi hutoa takriban ampea 6 zikiwa kwenye mwendo wa kasi, na zikitembea polepole hutoa kidogo kabisa. Chukulia mvuvi wa dagaa wa Ziwa Victoria mwenye betri ya ampea-saa 100. Taa zake za usiku, pamoja na kuchaji simu, humla ampea-saa 15 hadi alfajiri. Safari ya kwenda na kurudi kwa kasi ni nusu saa. Ampea 6 kwa nusu saa ni ampea-saa 3, na kwa kuwa sehemu ya umeme hupotea kuwa joto wakati wa kuchaji, kinachobaki ndani ni kama 2.5. Kila usiku, basi, betri inabaki na deni la 12.5. Usiku wa nne imefika nusu. Usiku wa nane, ikiwa imepewa nafasi ya kufika huko, imekwisha. Katika siku zote hizo mashine ilikuwa ikinguruma na waya ulikuwa umeunganishwa sawasawa, na mvuvi hakuona kosa lolote. Hesabu ndiyo iliyokuwa na kosa.

Dawa ya mvuvi huyo haiko kwenye mashine. Ni paneli ya sola ya wati 100 inayobaki ufukweni, ambayo kwa jua zuri la mchana humrudishia kama ampea-saa 25, nayo inatosha kulipa deni la usiku na kubakiza akiba. Mashine ibaki kuwa nyongeza. Boti kubwa zenye mashine za kuwashwa kwa swichi hutoa ampea 30 au zaidi, na hizo huweza kuchaji kweli. Lakini hata hizo, wenye busara hufunga betri mbili, moja ya kuwashia mashine tu na nyingine ya taa na redio, zikiwa na swichi ya kuzitenganisha. Taa zikimaliza betri yao, ya kuwashia bado ipo.

Mkazi wa Karatu asiyevua dagaa ana sababu ya kuijali hesabu hiyo, kwa kuwa anaifanya kila siku bila kujua. Pikipiki ina koili na rektifaya vilevile, na betri yake ni ndogo mno. Anayeifungia spika kubwa na taa za mapambo, kisha akaiendesha safari fupi fupi kati ya sokoni na stendi, yumo kwenye deni lilelile. Trekta dogo la kusukuma kwa mkono lenye koili ya taa ni vivyo hivyo. Gari la watalii lina alteneta yenye nguvu, lakini likilala kambini na jokofu likiwaka usiku kucha kwenye betri ya kuwashia, asubuhi dereva atatafuta wa kumvuta huku wageni wakiwa wanasubiri kushuka kreta. Betri ya kuwashia gari ina bamba nyembamba nyingi. Imeumbwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache kisha kujazwa mara moja. Betri ya sola na ya taa ina bamba nene, imeumbwa kutoa kidogo kidogo kwa saa nyingi. Kuweka betri ya gari kwenye sola ya nyumbani kwa sababu ni rahisi ni kununua rahisi mara tatu. Nyingi za betri ziitwazo za boti ziko katikati ya hizo mbili: hufaa kidogo kwa kila kazi, na hakuna kazi zinayoifanya kuliko zote.

Kuna jambo jingine kuhusu kuchaji ambalo huwapotosha hata wenye alteneta kubwa. Betri hunywa kwa pupa mwanzoni na kwa kusitasita mwishoni. Kutoka nusu hadi robo tatu na zaidi kidogo hujaa haraka, saa chache tu zikitosha. Lakini ile sehemu ya mwisho, kama moja ya tano, huchukua saa nyingine nyingi hata chaja iwe na nguvu kiasi gani. Sehemu hiyo ndiyo inayoyeyusha chumvi iliyojificha ndani ya bamba. Anayechomoa kila mara kwenye asilimia 80 kwa sababu taa ya chaja imebadilika rangi, au kwa sababu jenereta inakula mafuta, anaacha chumvi ile ile mahali pale pale kila siku. Angalau mara moja kwa wiki mbili betri inahitaji siku nzima ya kushiba kabisa bila kuguswa. Katika nyumba yenye sola, siku hiyo hupatikana kwa kulala mapema jioni moja.

Hapo ndipo habari ya koti inaporudi. Volti za kuchajia zinazoandikwa kwenye vitabu, yaani 14.4 au karibu na hapo wakati wa kujaza na kama 13.6 za kuitunza ikiwa imejaa, ni za betri yenye joto la nyuzi 25. Betri ikiwa na joto zaidi huhitaji volti pungufu. Ikiwa na baridi huhitaji zaidi. Kwa kila nyuzi moja tofauti ni ndogo, kama volti 0.02 hadi 0.03, lakini hujilimbikiza. Betri iliyo kwenye nyuzi 35 mchana wa Baray ingefaa kujazwa kwa takriban volti 14.2. Ile iliyo kwenye nyuzi 10 alfajiri ya Nainokanoka inahitaji karibu 14.8. Kidhibiti kimoja kilichowekwa 14.4 na kuachwa hivyo humkosea kila mmoja: bondeni huchemsha betri na kuikausha maji, mlimani huiacha na njaa kila siku hata jua likiwaka. Na mlimani jua lenyewe si la kutegemea katika miezi ya Juni hadi Agosti, ukungu unapoganda ukingoni mwa kreta hadi saa tano asubuhi, kwa hiyo paneli iliyotosha Mang'ola haitoshi Endulen wala Naiyobi.

Vidhibiti bora vya sola vina kihisi cha joto, kijiwaya chenye kichwa kidogo kinachobandikwa ubavuni mwa betri. Mafundi wengi hukitupa pamoja na boksi wakidhani ni kipande cha ziada. Mkazi anayefungiwa sola ana haki ya kuuliza kimewekwa wapi. Kidhibiti chenyewe, ambacho mara nyingi kina kihisi ndani yake, kikae chumba kimoja na betri. Kikiwekwa juani ukutani huku betri ikiwa kivulini, kitadhani betri inaungua na kitainyima chakula.

Joto lina hasara nyingine isiyorekebishwa na kidhibiti. Kwa kanuni ya jumla, kila nyuzi 10 juu ya 25 hupunguza umri wa betri kwa karibu nusu. Betri iliyowekwa chini ya bati tupu bondeni, au kwenye sanduku la chuma lililopigwa jua mtumbwini, haitafikisha miaka ya ile iliyowekwa kwenye kona ya nyumba ya udongo yenye kivuli na hewa. Baridi, kwa upande wake, haiui betri, bali huifanya mvivu: asubuhi yenye baridi kali hutoa pungufu ya kiasi kilichoandikwa juu yake, na gari hukataa kuwaka mlimani kwa betri iliyowasha vizuri jana yake mjini Karatu.

Yapo maswali ya maji, ambayo huulizwa sana na hujibiwa vibaya. Betri zenye vifuniko vya kufungua hupoteza maji kadiri zinavyochajiwa, na bamba zikionekana zimetoka nje ya kioevu huharibika sehemu hiyo moja kwa moja. Kinachoongezwa ni maji yaliyosafishwa kwa mvuke, yanayouzwa madukani kwa jina la maji ya betri. Asidi haiongezwi. Kilichopungua ni maji, asidi yote bado imo ndani. Anayeongeza asidi huiona betri ikiamka kwa siku chache, kisha bamba zinaliwa. Maji ya bomba, ya kisima au ya chemchemi hayafai kabisa katika ukanda huu. Kila mama anayechemsha chai ameona ukoko mweupe unaoganda ndani ya birika. Maji yetu yana chumvi nyingi na floridi, na ukoko ule ule ungeganda kwenye bamba. Maji ya kuongeza huwekwa baada ya kuchaji, si kabla, kwa kuwa kioevu huvimba betri inaposhiba na kilichojazwa mno hufurika kikiwa na asidi.

Asidi iliyofurika ina dawa yake karibu. Magadi, yale yale ya maziwa ya Bonde la Ufa yanayotumiwa kuivishia maharage na kulamba mifugo, yakiyeyushwa kwenye maji huizima asidi. Ule unga mweupe au wa kijani unaoota kwenye vichwa vya betri husuguliwa kwa brashi na maji ya magadi hadi povu liishe, kisha husuuzwa kwa maji safi, hukaushwa na kupakwa grisi au mafuta mazito. Vifuniko vya seli viwe vimefungwa wakati huo, kwani magadi yakidondoka ndani huiharibu betri kwa namna ileile yanavyoiokoa nje. Kwa ngozi na macho magadi hayatumiki. Ni maji safi mengi, kwa dakika 15 au zaidi, kisha zahanati. Vichwa vilivyolegea au vyenye kutu huleta matatizo mengi yanayolaumiwa betri, na kwenye boti mtikisiko wa mawimbi huvilegeza kila wiki. Wakati wa kufungua, waya wa hasi hutolewa kwanza. Wakati wa kufunga, hurudishwa mwisho. Spana iliyogusa chuma cha gari na kichwa cha chanya kwa pamoja huyeyuka mkononi mwa mtu.

Betri inayochajiwa hutoa gesi ya haidrojeni na oksijeni, na mchanganyiko huo hulipuka kwa cheche moja. Haifai kuchaji chumbani wanamolala watu, wala karibu na jiko la mkaa, wala ndani ya sanduku lililofungwa gandi. Kuchungulia kiwango cha maji kwa kibatari au kiberiti ni hatari ya wazi, na tochi ya simu inatosha.

Ziwa Eyasi lina tabia ya kujaa miaka ya mvua na kukauka likabaki uwanda mweupe, na wanaovua humo huweka vyombo vyao pembeni kwa miezi. Wakulima wa vitunguu wenye pampu hufanya hivyo kati ya misimu. Betri iliyowekwa hupoteza chaji yenyewe, kidogo kila mwezi mahali pa baridi na kwa kasi zaidi mahali pa joto. Iliyowekwa ikiwa nusu itakutwa ikiwa imekufa. Hujazwa kwanza hadi 12.7, waya zote zikatolewa, ikawekwa kivulini, ikarudishiwa chaji kila baada ya mwezi mmoja au mmoja na nusu. Imani kwamba sakafu ya saruji hunyonya umeme wa betri ilikuwa na mantiki zamani, masanduku ya betri yalipokuwa ya mbao na mpira mbovu. Kwa haya ya plastiki haina msingi, na mbao inayowekwa chini yake haina madhara wala faida.

Betri mpya za lithiamu zinaingia sokoni, nyepesi na zenye umri mrefu, na zinavumilia njaa kuliko za asidi. Zina masharti yao. Hazichajiwi kwa chaja ya zamani isiyo na mpangilio wa lithiamu, na zikifungwa moja kwa moja kwenye alteneta ya gari au mashine ya boti huvuta umeme kwa pupa hadi kuunguza alteneta hiyo. Anayehama kutoka aina moja kwenda nyingine hubadili na kidhibiti.

Linabaki suala la betri iliyokwisha, na hili ndilo zito kuliko yote yaliyotangulia. Zaidi ya nusu ya uzito wa betri ya asidi ni risasi. Wapo wanaopasua betri nyuma ya nyumba, wakamwaga asidi shimoni, wakayeyusha bamba juu ya moto ili wapate vyuma vya kuuza au chubwi za nyavu. Moshi wa kazi hiyo na vumbi linalobaki uani haviishi kwa mvua moja. Shirika la Afya Duniani halitambui kiwango chochote cha risasi mwilini kuwa salama. Watoto ndio wanaodhurika zaidi, kwa kuwa hucheza chini na kupeleka mikono mdomoni, na madhara yake kwa ubongo hayarudi nyuma. Huko Thiaroye-sur-Mer, nje kidogo ya Dakar nchini Senegal, watoto 18 walifariki kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 mahali ambapo watu walikuwa wakichekecha udongo na kuyeyusha risasi ya betri za magari. Karibu zaidi, katika mtaa wa Owino Uhuru mjini Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwaachia wakazi sumu ya risasi kwenye damu, na mwaka 2020 mahakama ya huko iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Baadhi yao walikwisha kuwazika watu wao kabla ya hukumu.

Kwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, betri kuukuu ni taka hatarishi, na anayezikusanya, kuzisafirisha au kuziyeyusha lazima awe na kibali. Mwananchi anayetaka kuuza yake ana haki ya kuomba kuona kibali hicho, na afisa mazingira wa halmashauri ndiye wa kuulizwa kama mnunuzi hajulikani. Inauzwa nzima, ikiwa na asidi yake ndani na vifuniko vimefungwa, kwa sababu mnunuzi halali hulipa kwa uzito na hahitaji ipasuliwe. Wakati ikisubiri mnunuzi hukaa wima, juu ya karai la plastiki kuukuu, mahali ambapo watoto na mbuzi hawafiki, mbali na pipa la maji ya kunywa na mbali na ghala la mahindi. Yule aliyekwisha kupasua moja zamani kwenye ua wa nyumba yake afunike mahali hapo kwa udongo mpya au saruji, asifagie kukavu, na awapeleke watoto wadogo kituo cha afya akiwaeleza wahudumu wazi kwamba walicheza kwenye vumbi la betri.